Ubeti Katika Santuri

Ipo kauli inayorudiwa sana na wapenzi wa taarab wa hapa kwetu visiwani, na aghalabu hutolewa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga hoja: kwamba taarab ni ya ukumbini, na taarab iliyotiwa katika santuri au kanda ni sawa na samaki wa barafu. Umbo analo, lakini bahari imemtoka. Wenye kauli hii wana ushahidi wao. Watakueleza mshindo wa fidla zinapoingia pamoja baada ya bashrafu, mwimbaji anayeurudia mshororo mmoja mara tatu kwa kuwa amemwona fulani ameinuka kitini, harufu ya asmini na udi wa kufukiza, noti inayopepea juu ya vichwa kabla ya kumfikia mwenye kutunzwa. Haya yote ni kweli, na hakuna chombo kilichopata kuyanasa.

Walakin mimi naiona kauli hiyo kuwa nusu ya maneno. Ukumbini tunakwenda kuonana. Nyumbani ndiko tunakosikiliza. Mtu anayetoka ukumbini saa nane za usiku atakuhadithia nani alivaa nini na nani alitunzwa mara ngapi, lakini mwombe akusomee ubeti wa pili wa wimbo uliomliza, utamwona anatafuta maneno hewani. Ubeti huo ameusikia mara moja tu, tena ndani ya vigelegele. Aliye na kanda nyumbani ameusikia mara hamsini.

Kwa hiyo katika makala haya nakusudia kuitetea taarab ya majumbani, na kuitetea kwa hoja ya mshairi, wala si ya mwanamuziki, kwani fidla sijui kuishika. Hoja yenyewe ni hii: kwa anayependa ushairi, santuri ni chapa ya shairi. Kama ilivyo kila chapa, ina mhariri wake, ina makosa yake, ina kurasa zilizokatwa. Na kama ilivyo kila chapa, yahitaji jina la mtunzi juu ya jalada. Hapa pa mwisho ndipo penye ugomvi wangu, nami nitapafikia.

Tuanze pale ilipoanzia. Mwaka 1928 Bi Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake, akiwamo Maalim Shaaban, hadi Bombay, wakaimba mbele ya vyombo vya kampuni ya His Master's Voice. Taarab ya jumba la Sultani kabla ya hapo ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Zilizorudi kutoka Bombay zilikuwa sahani za Kiswahili. Habari hii imeelezwa mara nyingi kama sifa ya Bi Siti, na sifa hiyo anastahili. Shaaban Robert hakuandika wasifu wake kwa kukosa kazi. Lakini mshairi huitazama kwa jicho jingine. Kabla ya sahani hizo, shairi la Kiswahili lilikuwa na makao mawili: kifua cha mtu aliyelihifadhi, na karatasi ya mwenye kujua kusoma hati za Kiarabu. Kuanzia hapo likapata makao ya tatu. Likawa kitu cha kununuliwa dukani, kufungwa katika kitambaa, kuwekwa sandukuni, na kuazimwa na jirani asiyejua alifu wala bee.

Makao hayo yalikuwa membamba. Sahani ya inchi 10, ile iliyokuwa ikizunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua kiasi cha dakika 3 kwa upande mmoja. Hebu tupige hesabu. Wimbo wetu wa kawaida ni wa mishororo mitatu kwa ubeti, mizani kumi na sita kwa mshororo. Mwimbaji huuimba mshororo, huurudia, ala huitikia, kisha huja mwingine. Toa na muda wa ala kufungua njia mwanzoni. Zinabaki beti tatu, nne kwa taabu. Shairi la beti kumi lililokuwa likiimbwa usiku kucha likaingia Bombay likatoka na beti nne, au likagawanywa pande mbili, na msikilizaji akalazimika kuinuka, kuunyanyua mkono wa sindano, kuigeuza sahani, kuujaza ufunguo, na kurudi kitako.

Wapo wanaouita ukataji huo hasara. Mimi nauita uhariri, na uhariri una wema wake. Katika sahani za zamani nilizobahatika kuzisikiliza, upande wa kwanza aghalabu hukoma pale ambapo msikilizaji bado anadai. Tatizo limekwisha kutajwa, mlaumiwa hajajibu. Kule kuinuka kwenda kuigeuza sahani huwa ni pumzi ya shairi lenyewe. Mshairi wa ukumbini ana usiku mzima wa kuzunguka mbuyu. Mshairi wa dakika 3 hana mbuyu. Ukiutaka ushairi wa Kiswahili uliobanwa mpaka ukatoa mafuta, usianzie vitabuni, anzia hapo.

Chukua wimbo wa Kijiti. Ni habari ya mwanamke aliyeuawa, ya muuaji aliyekimbilia bara, na ya hukumu iliyowaangukia wasiokuwa yeye. Bi Siti aliuimba, na miongo mingi baadaye marehemu Bi Kidude, aliyetutoka mwaka 2013, akauimba tena. Ukizisikiliza sauti hizo mbili jioni moja, moja baada ya nyingine, jambo lisilowezekana katika ukumbi wowote duniani, utaona kwamba si wimbo mmoja. Bi Siti husimulia kama shahidi aliyeapishwa. Hapandi, hashuki, anayaweka maneno mezani moja moja. Bi Kidude husimulia kama mtu wa mtaa uleule ambaye bado hajasamehe. Kwangu mimi ule wa Bi Siti ni mkali zaidi, kwa sababu ya ubaridi wake. Najua wengi hawatakubaliana nami, hasa waliomwona Bi Kidude jukwaani na ngoma yake. Ndiyo maana nasema tusikilize pasi na kumwona.

Atakaye kuzisikia sahani za zama hizo hana haja ya gramafoni. Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa santuri za Kiswahili za tangu miaka ya 1920 hadi ya 1950, uliotayarishwa na Janet Topp Fargion wa hazina ya sauti ya Maktaba ya Uingereza. Jina lake ni Poetry and Languid Charm, yaani ushairi na haiba ya kilegevu. Neno la kwanza nalishukuru: waliokaa mbali wametambua kwamba walichoshika mkononi ni ushairi, wakati sisi wenyewe tunakiita burudani. Hilo la ulegevu waliulize kwa waliowahi kutajwa na Bi Siti katika nyimbo zake.

Kutoka sahani hizo nzito na rahisi kuvunjika tulifika kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, na hapo bandari ya kazi ilikuwa Mombasa. Nyumba ya Assanand & Sons na lebo yake ya Mzuri ilijaza majumba ya mwambao wote, kuanzia Lamu hadi huku kwetu. Sauti iliyotawala ilikuwa ya Mohamed Khamis Juma Bhalo. Mengi yamesemwa juu yake na lahani za filamu za Kihindi, na lawama ya kwamba alikuwa akiazima nyimbo za Bombay na kuzivisha kanzu ya Kiswahili. Watu wa Unguja waliokulia Majestic na Empire hawana haki ya kumlaumu mtu kwa jambo hilo. Swali la mhakiki ni jingine: je, mizani ya Kiswahili inasalimika ndani ya lahani iliyotungwa kwa lugha nyingine?

Jibu langu ni kwamba inasalimika, na inasalimika kwa sababu ya nidhamu ya mwimbaji. Lahani ya filamu hutaka kuivuta irabu pale inapopenda yenyewe, katikati ya kipande cha mshororo, hata neno likapasuka. Bhalo huiachia ivute, lakini anapokaribia kina cha kati hukaza, hukitua kina chake, na hapo ndipo huiruhusu lahani iendelee na safari. Msikilize kwa kuhesabu. Mimi sikupata mwalimu wa arudhi. Mizani nilijifunza kwa vidole, kanda ikizunguka, nane huku na nane kule, na sauti iliyokuwa ikinisomesha ilikuwa ya Bhalo. Sikumkuta hata mara moja amekidondosha kina. Nimewakuta maprofesa.

Na maneno aliyokuwa akiyaimba yalitoka wapi? Mengi yalitoka kwa jamaa yake, Ustadh Ahmad Nassir, yuleyule wa Malenga wa Mvita, diwani iliyotoka mwaka 1971 na kusomwa madarasani. Mwanafunzi aliyekuwa akimsoma Ahmad Nassir skuli mchana, usiku alikuwa akimsikia kupitia ukuta wa jirani bila ya kujua kwamba ni mtu mmoja. Kitabu kilimtaja. Santuri, mara nyingi, ilimtaja mwimbaji na kikundi, basi.

Hapa naomba nivuke kwenda Misri, na sitakaa sana. Kazi yangu ya kutafsiri imenifanya niishi miaka na santuri za Umm Kulthum, ambazo kwa wazee wa mji huu zilikuwa kama mgeni wa kila mwezi. Jambo la kwanza analoliona mtu akishika jalada la Misri ni majina matatu: aliyeimba, aliyetunga maneno, aliyetunga lahani. Al-Atlal, iliyotoka mwaka 1966, inasema wazi kwamba maneno ni ya Ibrahim Nagi na lahani ni ya Riad Al Sunbati. Nagi, tabibu aliyekuwa mshairi, alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1953. Tena maneno yanayoimbwa si kasida yake moja nzima: yamekusanywa kutoka kasida zake mbili, yakachaguliwa na kupangwa upya. Yaani huo nao ni uhariri, na uhariri mkubwa. Lakini mpaka leo hakuna mpenzi wa Al-Atlal asiyemjua Nagi. Alikufa bila kuusikia wimbo, na wimbo haukumwacha nje ya mlango.

Lipo na jambo la pili. Santuri nyingi za bibi huyo zilinaswa mbele ya watu, na watu hao wamo ndani ya santuri. Unasikia pumzi za ukumbi zikikatika mshororo unapokaribia kutua, kisha kishindo, kisha sauti ya mtu mmoja nyuma kabisa akiomba urudiwe. Msikilizaji wa nyumbani hukaa pamoja na wasikilizaji wenzake wa Cairo. Santuri zetu za studio hazikuwa na watu. Kutunza hakumo, vigelegele havimo, na kwa hiyo fumbo, ambalo ndilo roho ya taarab yetu, limebaki halina anayeelekezewa.

Au ndivyo inavyodhaniwa. Ukweli ni kwamba nyumba za mji wetu zilimrudisha mlengwa kwa haraka sana. Nani kati yetu hajui maana ya kumpigia mtu wimbo? Redio kaseti inawekwa dirishani, inaelekezwa upande unaohusika, sauti inafunguliwa mpaka mwisho, na mwenye nyumba anaendelea kuchambua mchele wake kana kwamba hana habari. Wa upande wa pili anasikia. Akiwa na jibu katika sanduku lake la kanda, atalitia baada ya alasiri. Miaka ya 1990, kundi la East African Melody na wenzao wa rusha roho walipoingia, kanda zikawa zinatungwa kwa kazi hiyo hasa, na fumbo likavuliwa nguo likabaki tusi. Hayo sikuyapenda na bado siyapendi. Ila sitaungana na wanaomdharau yule mwanamke wa dirishani. Kati ya nyimbo arubaini alizonazo amechagua mmoja, na ndani ya mmoja huo anangojea ubeti mmoja, na ubeti ukifika yeye huongeza sauti. Huyo anajua kusoma. Laiti wahakiki wetu wangeuchagua ubeti kwa uangalifu wa namna hiyo.

Kanda, kwa hakika, ndiyo iliyoufanya usikilizaji wa nyumbani kuwa kitu cha watu wote. Santuri ilihitaji chombo cha mezani na mkono mwangalifu. Kanda ilihitaji betri. Iliwezekana kurudishwa nyuma kwa kidole mpaka mwanzo wa mshororo, au kwa kalamu ya Bic chombo kikiwa kimeharibika, nasi sote tunalijua zoezi hilo. Iliwezekana pia kurudufiwa. Mbwana Radio Service ya Mombasa ilitoa kanda zake halali, na kila moja ikazaa watoto ishirini haramu. Lawama ya wanamuziki kwa jambo hili ni ya haki na siipingi: waimbaji waliovuma kuanzia Vanga hadi Muscat walistahili kula kwa jasho lao, na hawakula. Nasema tu kwamba haramu hiyo ndiyo iliyotuhifadhia. Bahari inakula kila kitu hapa. Mwezi mmoja wa masika watosha kuotesha ukungu juu ya utepe, na baada ya miaka sauti huanza kuchuja, herufi nyepesi zikitangulia: kwanza hupotea sini, kisha fee. Kanda iliyowekwa peke yake kwa heshima kabatini imekufa. Iliyoazimwa, ikarudufiwa, ikaazimwa tena Pemba, ikapelekwa Dubai katika begi la bibi arusi, hiyo ipo.

Kuazimana kulikuwa na adabu zake. Hukumwazima mtu kanda ukanyamaza. Ulimwambia asikilize nini. "Upande wa pili, wimbo wa tatu, ubeti wa mwisho, halafu tutaonana Ijumaa." Ijumaa mlionana, na mliyokuwa mkiyafanya barazani baada ya sala yalikuwa ni uhakiki wa ushairi, ingawa hakuna aliyeliita jina hilo. Mabishano makali zaidi niliyopata kuyashuhudia hayakuwa juu ya siasa, yalikuwa juu ya neno moja la Kiamu. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, huimba kwa lugha ya kwao: njia kwake ni ndia, macho ni mato, maji ni mai. Sikio la Kiunguja likikutana na ndia katikati ya mdundo wa udi huweza kusikia neno jingine kabisa, na maana ya ubeti ikageuka. Mmoja anasema mpenzi amepotea njia. Wa pili anasema amepotoka nia. Mwenye babu wa Lamu huitwa ahukumu, naye hufika na maana ya tatu. Kwa mabishano ya namna hiyo watu wa visiwani walijifunza lahaja za kaskazini, na hakuna skuli iliyowafundisha.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu. Katika kuazimana huko kote, jina la mtunzi lilianguka njiani. Jalada la asili lilimtaja mwimbaji. Nakala ya kwanza iliandikwa kwa kalamu ya wino: Bhalo, 4. Nakala ya pili iliandikwa: Taarab Mombasa. Nakala ya tatu haikuandikwa chochote. Wimbo ulisalimika, mshairi akawa "mtu wa kale". Nimekwisha kuona, katika kitabu kilichochapwa na shirika moja ambalo sitalitaja, nyimbo za washairi waliokuwa hai na wenye anwani zikiwekwa chini ya kichwa cha mashairi ya jadi yasiyo na mwenyewe. Nilipoandika barua, jibu lilikuwa kwamba yametolewa katika kanda.

Simu zimeikamilisha kazi hiyo. Leo kijana wa Darajani au wa Chake ana nyimbo elfu mbili mfukoni, zaidi ya alizokuwa nazo tajiri yeyote wa zama za santuri, na nyingi zinaitwa Namba 03. Simlaumu, ndivyo zilivyomfikia. Na kwa upande mmoja nafurahi, kwani ameletewa Bi Siti bila ya gharama. Ila naona jinsi anavyosikiliza: wimbo mmoja mmoja, vipuli masikioni, dole gumba tayari kuruka. Albamu haimo tena katika mazungumzo. Nami nashikilia kwamba albamu, yaani nyimbo zilizopangwa na mtu kwa mpango, ni kama diwani. Ukichomoa shairi moja katika diwani umelipata shairi, lakini umekosa kujua lilikuwa likimjibu nani.

Yapo machache ya kutajwa kwa anayetaka kusikiliza diwani nzima. Mfululizo wa Zanzibara, uliotolewa Ufaransa na Buda Musique kwa usimamizi wa Werner Graebner, ulianza mwaka 2005 kwa kitabu cha Ikhwani Safaa, klabu yetu ilipotimiza miaka 100. Ni kazi ya kujivunia. Hata hivyo nitasema nisichoambiwa niseme: kwa masikio ya mshairi haistarehesheki yote, kwa kuwa kundi kubwa hufunika maneno, na kipokeo kinapoimbwa na wote vina huchanganyika kama mchanga na chumvi. Isikilizeni kwa ajili ya fidla na ganuni. Kwa maneno, juzuu ya pili ya mfululizo huohuo, ile ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975, ndiyo bora. Vikundi ni vidogo, mwimbaji yu karibu na kinasa sauti, na kila ubeti unasikika mpaka irabu ya mwisho. Humo Bhalo anakaa mlango mmoja na Matano Juma na Zuhura, na ukiisikiliza toka mwanzo hadi mwisho unauona mji mzima ukijibizana.

Lakini kama ni lazima niazime moja tu, huazima Mtindo wa Mombasa ya Zein Musical Party, iliyotolewa London na GlobeStyle mwaka 1990. Hakuna albamu nyingine ya taarab ninayoijua ambamo udi na ubeti vimepewa haki sawa. Zein hapigi udi chini ya maneno kama zulia. Hupiga baada ya maneno, kama mtu anayefikiri juu ya alichokwisha kusema, na akimaliza kufikiri husema tena. Nyimbo zina nafasi ya kutosha. Zile dakika 3 za Bombay zimekwisha, na pamoja na wasaa huo hakuna neno la kujazia. Wapo wanaoiona baridi. Kweli haina wa kuinuka kutunza. Ni albamu ya watu wawili au watatu, sebuleni, baada ya isha, milango ikiwa imerudishwa, na mmoja wao awe na kalamu.

Desturi yangu sasa ni kwamba sitoi kanda wala sahani bila ya karatasi ndani yake. Juu ya karatasi huandika jina la mtunzi wa maneno pale ninapolijua kwa yakini, kisha beti zenyewe kwa hati ya kusomeka, na neno lenye shaka hulipigia mstari. Aliyeazima hutakiwa kuirudisha karatasi pamoja na maoni yake pembeni. Baadhi ya karatasi hizo zimerudi zimejaa pande zote mbili, kwa wino wa rangi tatu, na moja ilirudi na ubeti mzima wa ziada ambao mwimbaji hakuuimba, uliohifadhiwa na ajuza mmoja wa Mkoani ambaye kaseti hajapata kuimiliki maishani mwake. Nakala yangu ya Zein hivi sasa iko Wete, kwa mshairi mwenzangu, tangu mfungo sita. Ameniandikia kwamba neno nililolipigia mstari katika wimbo wa pili si ndia. Mimi nasema ni ndia. Anasema nimngojee aje na chombo chake, turudishe nyuma pamoja.